Mtandio Una Mwenyewe: Kutoka Mchangani hadi Nungwi

Boti ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua kama saa mbili, na ndani ya muda huo mavazi ya abiria hubadilika. Msichana aliyepanda akiwa na suruali ya jinzi, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliotupwa shingoni huanza kupekua mkoba mara Mji Mkongwe unapojitokeza kwa mbali. Hutoa baibui jeusi lililokunjwa vizuri, akalivaa hapo hapo kitini, kisha mtandio ukapanda kutoka shingoni hadi kichwani. Hakuna anayeshangaa. Mama aliyekaa jirani humshikia simu na chupa ya maji ili apate nafasi ya mikono. Safari ya kurudi Dar mambo huenda kinyume, ingawa si kwa wote: wapo wanaoteremka Posta na mabaibui yao, kwa kuwa ofisini au chuoni ndivyo wanavyojulikana.

Nilimwuliza mmoja wao, binti wa miaka ishirini na ushei anayesoma uhasibu bara, kama huwa anaona tabu kubadili. Akacheka. "Bibi yangu anakuja kunipokea bandarini, dada. Wewe ungeteremka na jinzi mbele ya bibi?"

Jibu hilo halikutaja dini, wala mila, wala serikali. Lilimtaja bibi. Katika safari nzima ya Unguja, kutoka maduka ya Mchangani hadi pwani ya Paje na Nungwi, mara nyingi swali la mavazi lilinirudia kwa sura hiyo. Wasichana niliokutana nao hawakuwa wakijiuliza kama wajistiri au wasijistiri. Walikuwa wakijadiliana namna gani, wapi, mbele ya nani, na zaidi ya yote, nani mwenye kauli ya mwisho.

Mjadala huo haukuanza jana. Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilitangaza daraja ya mtu kabla hajafungua mdomo. Watumwa wa kike walivaa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, au kaniki, ambayo ilikuwa merikani hiyo hiyo iliyotiwa nili ikakoza. Kitambaa kilifungwa kifuani, mabega yakabaki wazi, na kichwa kilibaki wazi pia, maana kujifunika kulikuwa alama ya uungwana. Wanawake wa nyumba kubwa, kwa upande wao, walitoka nje kwa nadra, na wakitoka walivaa barakoa iliyodariziwa na kujitanda shela ya hariri.

Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Wanahistoria, Laura Fair mmoja wao, wameeleza kilichofuata madukani. Wanawake waliopata uhuru waliiacha kaniki wakakimbilia kanga zenye rangi, na baibui lilipoingia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walilivaa pia. Chini ya baibui hakuna aliyeweza kujua upesi kama bibi yako alikuwa mjakazi au mwenye shamba la karafuu. Mgeni wa leo akiona vazi jeusi uchochoroni huona mwanamke aliyefungiwa. Waliolivaa mwanzo waliliona kama kupandishwa daraja, na wengi wao walilinunua kwa fedha zao wenyewe.

Na wapo waliokwenda njia nyingine kabisa. Mtaa wa Hurumzi una makumbusho madogo ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa 1844. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, alitoroka Unguja kwa manowari ya Waingereza. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, akaitwa Emily, akafunga ndoa na kuhamia Hamburg. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zina kurasa tele juu ya mavazi ya kasri: suruali, kanzu, vito, barakoa. Picha yake inayojulikana kuliko zote, akiwa amepamba kifalme kwa Kiomani, haikupigwa Unguja. Ilipigwa studio huko Hamburg, wakati ambapo mitaani alikuwa akitembea na gauni la Kizungu na kofia yake kama mabibi wengine wa mji ule. Siku niliyoyatembelea makumbusho hayo, wasichana wa shule waliokuwa mbele yangu, mitandio yao myeupe imebanwa sawasawa, waliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Mmoja alitaka kujua dhahabu ile ilikuwa ya kweli au ya kuazima.

Mchangani ni hatua chache kutoka hapo, na huko historia huuzwa kwa dhiraa. Kanga zimepangwa hadi darini upande mmoja, mabaibui yananing'inia upande wa pili, na katikati muuzaji amebeba simu mbili akiwajibu wateja wa Instagram na WhatsApp. Mzigo hutoka Dubai, Oman, India na China. Baibui la zamani, lile la kujifunga kwa kamba kichwani na shela ya kuteremsha usoni, sasa utaliona kwa mabibi wachache tu. Vijana wanataka abaya ya kitambaa cha nida: nyepesi, haishiki mwili, haikunjamani haraka.

Mama na binti yake walikuwa dukani wakitafuta nguo ya Idi. Binti alichagua abaya iliyo wazi mbele, ya kuvaliwa juu ya gauni, mikono imetariziwa kwa uzi wa fedha. Mama aliigeuza, akaichungulia kwenye mwanga, akairudisha. Alichotaka yeye ni iliyofungwa, pana, isiyo na nakshi. "Hii ukipigwa na upepo Forodhani, mwanangu, mji mzima utajua ndani umevaa nini." Binti hakubishana; alisema tu kwamba shangazi yake wa Muscat anavaa kama hiyo. Shangazi wa Muscat, kama ilivyo kwa jamaa wengi wa Unguja, ni hoja nzito. Muuzaji akaingilia: angeweza kumpa fundi wa nje ashone vifungo vya kubonyeza, sita, vilivyofichwa ndani ya pindo, bila nyongeza. Mama akafikiri, akakubali vifungo na nakshi vyote viwili. Kisha mama na binti wakageuka kitu kimoja wakaanza kumteremsha muuzaji bei, bila huruma.

Nje, fundi alikuwa na cherahani ya miguu, na alipokuwa akipima pindo binti alivua mtandio auvae upya. Kwanza ile kofia nyepesi ya ndani, inayozuia nywele zisichomoze. Kisha mtandio juu yake, upande mmoja mrefu kuliko wa pili. Pini ya kwanza chini ya kidevu, akiwa ameishikilia kwa meno hadi mikono ipate nafasi. Upande mrefu ukazungushwa kichwani, ukashuka begani, pini ya pili ikaingia juu ya sikio. Akatumia kioo cha simu kuhakikisha. Haikuchukua hata dakika moja, na ilikuwa wazi kuwa ufundi huo hakufundishwa na mama, ambaye mtandio wake ulikuwa umetupwa tu juu ya kichwa na kurudishwa begani kama alivyozoea tangu ujana wake.

Tofauti hiyo ya vizazi ina pande mbili, na mara nyingi huenda kinyume na matarajio ya wageni. Tunguu, nje ya mji, kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kwenye vivuli vyake utaona mitindo yote imeketi benchi moja: suruali pana na kilemba cha rangi, juba refu la rangi ya udongo, abaya, na ninja inayoacha macho tu. Mwanafunzi mmoja wa ualimu alianza kuvaa ninja mwaka wake wa kwanza, baada ya kusikiliza darsa kwenye simu. Nyumbani hakuna aliyemlazimisha. Mama yake, aliyeishi na kanga na mtandio maisha yote, alimwuliza kwa utani nani atakuja kuposa mtu asiyejulikana sura. Bibi yake aliumia kidogo zaidi, kwa sababu mjukuu aliwahi kumwambia kwamba kanga ya kujitanda peke yake haitoshi.

Hapo ndipo pagumu. Waislamu wengi wa Unguja ni wa madhehebu ya Shafi, wapo na Maibadhi, na masheikh wamekuwa wakitofautiana miaka mingi juu ya uso wa mwanamke: kuufunika ni wajibu, au ni jambo jema tu kwa anayetaka? Aya zinazotajwa ni zile zile za sura An-Nur na Al-Ahzab. Kilichobadilika ni nani anazisoma na kuzieleza. Zamani binti alipokea tafsiri kutoka kwa bibi na mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani. Sasa anaweza kumsikiliza mhadhiri wa Madina au Birmingham akiwa ndani ya daladala, kisha akarudi nyumbani na kumkosoa bibi. Mwanafunzi yule alinitajia na faida nyingine ya ninja, ya kidunia kabisa: ndani ya daladala hakuna anayemjua, hakuna anayemsemesha, anasoma kitabu chake hadi Darajani. Rafiki yake wa kilemba aliitikia kuwa hata yeye hupata amani hiyo, kwa kuvaa visikizio vya masikioni.

Serikali nazo hupenda kuwa na la kusema juu ya nguo za wasichana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Utekelezaji ulianza Januari 1969, na waliobughudhiwa vituoni na sokoni walikuwa zaidi wanawake. Nchini Kenya vita vilihusu kufunika badala ya kufunua. Katika shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana Waislamu walitaka kuongeza mtandio na suruali nyeupe kwenye sare. Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikawakubalia mwaka 2016. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba dai halikuwasilishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza kesi ikiwa bado mbichi alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Unguja mtandio ni sehemu ya sare za shule za serikali, kwa hiyo ugomvi wa Isiolo unasikika kama habari za mbali. Mtandio wa huku umefika hadi kuta za ofisi za Dodoma. Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi kusini mwa kisiwa, aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 akiwa na mtandio mwekundu kichwani na Msahafu mkononi, na tangu hapo picha rasmi ya Rais ina mtandio. Niliwauliza wasichana wa Tunguu kama hilo limebadili kitu. Walikubaliana juu ya jambo moja dogo: wakienda kufanya mafunzo kazini bara, hakuna tena anayewauliza kwa mzaha kama joto halijawazidi.

Kusini mashariki, Paje, maji yakitoka, pwani huwa kama shamba. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza hapa mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Wanashuka baharini na taiti, gauni la mikono mirefu, kanga iliyofungwa kiunoni na ushungi uliobanwa nyuma ya shingo, kisha huinama saa nyingi wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Juu ya vichwa vyao hupita tiara za wageni wanaoteleza juu ya mawimbi wakiwa nusu uchi, na barabarani vibao vinawaomba wageni hao wafunike mabega na magoti wanapopita kijijini. Binti niliyemkuta akisaidia kubeba magunia alikuwa na ushungi wa mtumba wa nailoni, wa aina ya wanamichezo. Aliununua kwa fedha ya mwani. Pamba ikilowa, alisema, huvuta shingo. Hii inakauka kabla hujafika nyumbani. Dada yake mkubwa anafanya kazi kwenye hoteli ya pwani hiyo, na kabla ya baba kumruhusu, mazungumzo ya nyumbani hayakuwa juu ya mshahara. Yalikuwa juu ya sare. Hoteli ilikubali mikono mirefu na kilemba cha kitenge kinachofanana na gauni, na mkataba ukasainiwa.

Uwanja wa mpira una kisa kama hicho. Timu ya Women Fighters iliundwa Unguja mwaka 1988, na kwa miaka mingi wachezaji wake walisemwa mitaani kwa kaptula zao. Filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Florence Ayisi, iliwaonyesha wakibishana na waume, wazazi na majirani. Aliyetaka kucheza na mtandio alikumbana na ukuta mwingine. FIFA ilikataza hijabu uwanjani hadi ilipoiruhusu rasmi Machi 2014, na ilipofika 30 Julai 2023 ndipo Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mchezaji wa kwanza kuivaa kwenye Kombe la Dunia la wanawake, dhidi ya Korea Kusini. Kwa miaka ile ya marufuku, msichana wa Unguja alikuwa akiambiwa mtaani kwamba amejifunika kidogo mno, na FIFA kwamba amejifunika kupita kiasi.

Nungwi, ncha ya kaskazini, suala la nguo ni la kufa na kupona. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba imejaa kupita kiasi, ilizama kwenye mkondo wa bahari upande huu wa kisiwa. Mamia ya watu walikufa, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. Wavulana wa Nungwi hujifunzia kuogelea kwenye ngalawa za baba zao. Wasichana waliozaliwa hatua mia moja kutoka majini walikua bila kujua hata kuelea, maana hawakuwa na nguo ya heshima ya kuingia nayo baharini, na gauni lililolowa huvuta chini.

Mradi wa Panje, ulioanza kufundisha kuogelea katika vijiji vya huku, ulipata njia kwa kuwapa wasichana nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima hadi kichwa, na kwa kutumia walimu wa kike. Picha ambazo Mmarekani Anna Boyiazis alipiga kwenye mafunzo hayo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nguo yenyewe ni ya ukoo wa burkini, iliyobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon. Katika kiangazi cha 2016 mameya wa miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa waliipiga marufuku, hadi Baraza la Dola lilipoingilia kati tarehe 26 Agosti. Nungwi nguo ile ile ndiyo iliyowafungulia wasichana bahari.

Nilipoitaja burkini mbele ya wasichana wa kijiji hicho, mmoja alitoa simu na kunionyesha Halima Aden. Huyu ni Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akahamia Marekani utotoni. Mwaka 2016 alishiriki mashindano ya urembo ya Minnesota akiwa na hijabu na burkini. Mwaka 2019 alikuwa wa kwanza kuvaa hivyo katika toleo la mavazi ya kuogelea la Sports Illustrated, na picha zenyewe zilipigwa Watamu, pwani ya Kenya. Novemba 2020 akaachana na maonyesho ya mitindo. Alieleza kwamba hijabu yake ilikuwa ikipinduliwa kazini hadi hakuitambua tena. Mara nyingine kichwa chake kilifungwa suruali ya jinzi badala ya kitambaa. Wasichana wa Nungwi walikijua kisa hicho, ila walikisoma tofauti. Mmoja alisema angekubali hata jinzi kichwani kwa malipo yale. Wa pili akamwuliza atamwambia nini mama yake. Wa tatu, mwenye simu, alisema hoja si jinzi wala malipo: mtandio una mwenyewe, na mwenyewe lazima aulizwe.

Jioni ile walikuwa na kikao chao, kwenye mchanga, madumu matupu ya kuelea yamerundikwa pembeni. Mfadhili alikuwa ameahidi nguo mpya za kuogelea na alitaka kuambiwa rangi. Za zamani zilikuwa za bluu iliyokoza na nyeusi, na msichana aliyekwisha kuwa mwalimu msaidizi alizipinga zote mbili: mtu akizidiwa kwenye maji ya kina, bluu haionekani, nyeusi inaonekana kama mwamba. Alitaka njano au machungwa. Mama mmoja, aliyekuwa amekaa nao akichambua mchele, hakupendezwa. Njano itawaita vijana wa ufukweni kutoka maili nzima, alisema. Msichana akamjibu kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma: "Mama, siku ya kuzama si ndiyo tunataka watuone?"

Ubishi ukaendelea hadi adhana ya magharibi ikakaribia. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono: mwili uwe bluu, kichwa na mikono kuanzia kiwikoni viwe machungwa. Mama hakupiga kura, lakini alitaka kujua saizi, kwa kuwa alikuwa akifikiria kuagiza moja ya kwake.